Mteja yuko mtandaoni, fundi wa Butimba bado yuko kwenye status

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Seremala wa Butimba, jijini Mwanza, akimaliza kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, hufanya mambo matatu kabla vanishi haijakauka. Hukitoa nje ya karakana wapita njia wakione, hukipiga picha kwa simu, kisha huitupia picha kwenye status ya WhatsApp na maneno mawili: "Kipo tayari." Bei haandiki. Anayekitaka aulize.

Kesho yake jioni picha imeshatoweka, maana status hudumu saa 24 tu. Mteja aliyeiona akiwa kazini, akasema atapiga simu akitulia, hana tena pa kuitazama. Anapopiga, fundi anaanza kupekua simu kwa vidole vyenye gundi, akitafuta kitanda kimoja katikati ya mamia ya picha: za harusi ya shemeji, za risiti za mbao, za mtoto aliyevaa sare siku ya kwanza ya shule. Hadi aipate, mteja ameshaongea na fundi mwingine.

Ubaya wa status hauishii hapo. WhatsApp huionyesha kwa watu ambao wewe una namba zao na wao wana yako. Fundi anayeitegemea peke yake anawatangazia watu wanaomjua tayari: majirani, wateja wa zamani, ndugu wa Magu na Misungwi. Mtumishi aliyehamishiwa Mwanza juzi, anayelalia godoro lililotandikwa chini na anayetaka kitanda wiki hii, hatamwona.

Mtumishi huyo anafanya nini? Anashika simu, anaandika "vitanda vya mbao Mwanza", anasubiri.

Andika basi neno Butimba lenyewe uone. Utakutana na Gereza Kuu la Butimba, Chuo cha Ualimu, Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana, na mradi wa mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, uliojengwa uzalishe lita milioni 48 kwa siku. Zote ni taasisi za umma, na zinaonekana kwa sababu kuna mtu aliziandika. Maseremala, mafundi wa kuchomelea mageti, gesti, saluni, maduka ya vipuri na wauza vifaa vya ujenzi, ambao ndio wanaoendesha maisha ya kata hii kila siku, utawatafuta kwa tochi.

> Butimba inajulikana mtandaoni kwa gereza, chuo na mradi wa maji. Wafanyabiashara wake hawajaandikwa.

Laini milioni 48

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti kwa mkazi wa kawaida wa Mwanza ilikuwa safari ya mjini. Uliingia intaneti kafee, ukalipia muda, ukafungua barua pepe, ukarudi nyumbani. Seremala kuwa na tovuti wakati ule ingekuwa fahari tu. Wateja wake hawakuwa huko.

Sasa wako. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zilionyesha kuwa laini zinazotumia intaneti nchini zilifika milioni 48 mwishoni mwa 2024. Mwaka mmoja kabla ya hapo zilikuwa ndiyo kwanza zimevuka milioni 35. Tarakimu hizo zisomwe kwa tahadhari, kwa sababu laini si mtu na wengi wetu tunatembea na laini mbili au tatu mfukoni. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, vichanga wakiwemo. Hata ukipunguza laini za ziada, waliobaki ni wengi kuliko wateja wa soko lolote la Mwanza.

Kuna jambo lingine ambalo takwimu hizo hazisemi. Tangu Vodacom ilete M-Pesa nchini mwaka 2008, na wenzake wakafuata, Mtanzania amezoea kumlipa mtu asiyemwona. Muuza nyanya ana lipa namba. Kondakta anapokea nauli kwa simu. Mazoea ya kulipa kwa simu, ambayo nchi nyingine ziliyatafuta kwa miaka, hapa yapo. Kinachokosekana ni mahali ambapo mteja anaweza kuona bidhaa, kujua bei na kuamini anayemlipa.

Kwa Butimba hasa, kuna sababu ya karibu zaidi. Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kabla yake, mtu wa Geita au Sengerema alikuwa akingoja kivuko, na siku za foleni kungoja huko kulifika saa mbili. Sasa anavuka kwa dakika chache, anapita Usagara, Buhongwa, Mkolani na Nyegezi, na hata kabla ya kufika katikati ya jiji anakuwa ameikuta Butimba.

Mtu huyo wa Geita ana fedha za dhahabu au za mpunga, anajenga nyumba, anataka mageti, milango, vitanda na makabati. Hajui uchochoro hata mmoja wa Butimba. Atafunga safari kwenda kwa fundi aliyemwona kwenye simu akiwa bado Geita. Huyo ndiye mteja mpya, na ndiye anayepita pembeni yetu kila siku bila kusimama.

Kibanda cha kupanga

Wenye biashara ukiwauliza habari ya tovuti, wengi hukujibu kwa swali: ya nini, wakati WhatsApp ninayo na Instagram ninayo?

Swali hilo si la kijinga. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, imempa mfanyabiashara mdogo orodha ya bidhaa, saa za kazi na majibu ya haraka bila kumtoza hata senti. Instagram imeuza vitenge, viatu na keki kuliko tangazo lolote la redio. Anayemwambia fundi aachane na mitandao hiyo hamtakii mema.

Lakini ukurasa wa Instagram ni kibanda cha kupanga: siku mwenye jengo akibadili kufuli, bidhaa zako zinabaki ndani na wewe uko nje. Tumeshaona hivyo. Jioni ya Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Kwa saa zetu ilikuwa kuanzia saa 12 na nusu jioni mpaka usiku wa manane, muda uleule ambao wateja wametoka kazini na wanaagiza. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini, na aliyekuwa amejenga wafuasi wake huko akaanza upya kwingine.

Aliyeuzia bidhaa zake kwenye Jumia anakumbuka zaidi. Novemba 27, 2019, kampuni hiyo ilisitisha shughuli zake Tanzania. Muuzaji aliyekuwa na wateja waliomfahamu kupitia humo alibaki na bidhaa, lakini majina na anwani za wanunuzi zilikuwa za Jumia.

Tovuti ni kitu cha namna nyingine. Tim Berners-Lee alipoubuni mtandao wa kurasa akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, taasisi hiyo iliamua Aprili 30, 1993, kuutoa kwa dunia bila malipo wala mrabaha. Kwa sababu ya uamuzi huo, fundi wa Butimba leo anaweza kuwa na anwani yake, inayoishia na .co.tz, bila kumwomba ruhusa bwana yeyote wa California. Kampuni inayomhifadhia tovuti ikimchosha, anahamisha kurasa zake kwenda nyingine na anwani inabaki ileile. Mteja hajui hata kama kuna kilichobadilika.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba tovuti si dawa ya kila kitu. Mei 12, 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini, kila kitu kilizorota, tovuti na Instagram kwa pamoja. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, hadi Novemba 3, hakuna aliyeuza mtandaoni. Namba ya simu iliyochorwa kwa rangi ukutani isifutwe.

Mama lishe hahitaji tovuti

Wapo wanaosema wateja wao wanakuja kwa miguu, na wapo wanaosema kweli. Mama lishe anayepika ugali na sato karibu na chuo hana haja ya kulipia anwani ya mtandao. Wateja wake wanaijua harufu ya jiko lake. Dada anayeshona nguo za mtaa, kijana wa bodaboda, mzee wa kurekebisha viatu, hao wote wasikubali kuuziwa tovuti na mtu yeyote. Wajiweke kwenye ramani ya Google, bure, na namba ya simu na picha mbili. Inatosha.

Mwandishi wa makala haya hakubaliani, basi, na wale wanaotangaza kwamba kila biashara lazima iwe na tovuti la sivyo itakufa. Kauli hiyo imewaliza wengi. Swali la kujiuliza ni moja: je, mteja wangu anafikiri kabla ya kununua? Anayenunua chapati hafikiri. Anayenunua seti ya sebule, anayetafuta chumba cha kulala katika mji mgeni, anayeandikisha mtoto shule ya binafsi, anayekodi turubai na viti vya harusi, anayetafuta fundi wa kuchimba kisima, huyo hulinganisha, huuliza, hurudi kutazama tena usiku wa manane. Huyo ndiye anayehitaji ukurasa usiofutika baada ya saa 24.

Saa tano usiku, stendi ya Nyegezi

Mfano ulio wazi kuliko yote uko hatua chache tu kutoka Butimba.

Basi la kutoka Dar es Salaam, baada ya zaidi ya kilomita 1,100, linaingia stendi ya Nyegezi usiku. Abiria anashuka na begi na mtoto aliyelala begani. Hana ndugu Mwanza. Gesti ziko tele, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni, nyingine safi kabisa zenye maji ya moto na geti la kufungwa. Yeye hazijui. Atafuata bodaboda wa kwanza atakayemwambia, "Mama, panda, kuna gesti nzuri nakupeleka," na bodaboda atampeleka kule anakopewa chochote kwa kila mgeni.

Abiria huyo alikuwa na saa nyingi sana ndani ya basi, na bando kwenye simu. Tangu Singida angeweza kuwa ameshachagua chumba. Anachotaka kujua ni kidogo: bei ya usiku mmoja, umbali kutoka stendi, kama kuna neti na feni, kama gari linalala ndani ya uzio, kama asubuhi kuna chai. Na picha. Picha ya choo na bafu, si ya geti. Mama mwenye mtoto akiona bafu safi, hana haja ya kushawishiwa tena.

Gesti zinazoonekana mtandaoni leo, nyingi zipo kupitia mitandao ya kimataifa ya kuhifadhi vyumba kama Booking.com. Ni njia nzuri kwa mgeni wa nje anayekuja kupitia Mwanza kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, au kutazama Kisiwa cha Saanane. Ina bei yake, hata hivyo. Kamisheni inazunguka asilimia 15. Kwa chumba cha shilingi 30,000, ni 4,500 zinazoondoka kila usiku, na mgeni akirudi mwakani kupitia njia ileile, zinaondoka tena.

Mwenye gesti mwenye akili ya biashara atatumia njia zote mbili. Mgeni wa kwanza amwachie Booking.com. Akishalala, akaridhika, apewe kadi yenye anwani ya tovuti ya gesti yenyewe, na safari ijayo aagize moja kwa moja. Vyumba viwili tu kwa usiku vikijazwa hivyo, 9,000 zinabaki nyumbani kila siku.

> Picha ya choo na bafu, si ya geti.

"Bei njoo DM"

Kuna tabia imeota mizizi kwenye biashara zetu za mtandaoni, na ni tabia mbaya. Picha nzuri ya sofa, chini yake wateja ishirini wanauliza bei, na jibu kwa wote ni moja: njoo DM. Wauzaji hutoa sababu. Washindani wataiba bei. Mteja akija faragha ataweza kushawishiwa. Bei hutegemea mbao na kitambaa.

Sababu ya mwisho ndiyo pekee yenye uzito, nayo ina dawa nyepesi: andika "kuanzia". Kitanda cha paini kuanzia kiasi hiki, cha mninga kuanzia kiasi hiki. Mteja mwenye fedha pungufu ataondoka bila kukupotezea muda, na mwenye nazo atapiga simu akiwa ameshajiandaa. Fundi anayeficha bei anapokea meseji mia na kuuza kitanda kimoja.

Kuficha bei kunaumiza kwa sababu nyingine pia. Watanzania tumechoka kutapeliwa. Kila mwenye simu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Kila mtaa una mtu aliyelipia kiatu mtandaoni kikaja kandambili, au hakikuja kabisa. Mteja wa leo anatafuta ushahidi kwamba upo kweli kabla hajakutumia hata elfu kumi ya kianzio.

Tovuti iliyotengenezwa vizuri inampa ushahidi huo kwa vitu vya kawaida kabisa: jina la biashara kama lilivyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, ramani ya kufika karakana, picha ya fundi akiwa kazini, kazi alizowahi kufanya na mwaka wake, lipa namba inayoleta jina lilelile la biashara mteja anapoingiza. Matapeli nao wanajua kutengeneza tovuti, tena za kuvutia, kwa hiyo kurasa nzuri pekee hazimtoshi mteja. Jina lililoko kwenye tovuti na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa yakitofautiana, mteja asitume fedha.

Kiswahili kinafika Bukavu

Mafundi wa tovuti wengi humwandikia mteja wao kurasa za Kiingereza, hata kama anauza milango Butimba. "Karibu kwenye kampuni yetu inayoongoza" kwa Kiingereza cha kukopa, picha za Wazungu wakipeana mikono mbele ya ghorofa za vioo. Seremala mwenyewe hawezi kuisoma tovuti yake.

Mteja wake anaandika kwa Kiswahili. Anaandika "bei ya mlango wa mninga", "gesti karibu na stendi Nyegezi", "fundi wa aluminiamu Mwanza". Kurasa zinazojibu maswali hayo kwa Kiswahili ni chache, kwa hiyo anayeandika leo hana wa kusukumana naye. Hata programu za akili mnemba ambazo vijana sasa wanaziuliza kila kitu zinachota majibu kutoka kurasa zilizo wazi mtandaoni. Zisipokuta habari za mafundi wa Mwanza, zitamtajia muulizaji duka la Dar es Salaam au Nairobi.

Kiswahili hicho kinavuka mpaka. Pale soko la Mwaloni, Kirumba, dagaa wa Ziwa Victoria hupakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Mnunuzi wa Bukavu, Goma au Lubumbashi anaongea Kiswahili, na kwa miaka yote amekuwa akitegemea dalali kumwambia bei ya gunia na hali ya mzigo. Mfanyabiashara wa dagaa atakayeweka ukurasa wenye bei ya wiki hii, picha ya dagaa wenyewe walioanikwa kwenye vichanja wala si mchangani, uzito wa gunia na namba ya kupiga, anaongea na mnunuzi huyo bila mtu katikati. Kwa watu wa Butimba wanaoishi na ziwa mbele ya milango yao, na sasa wengine wakifuga samaki kwenye vizimba, jambo hilo linastahili kufikiriwa kwa uzito kuliko linavyofikiriwa.

Wala haihitaji duka zima la mtandaoni lenye kikapu na kadi ya benki. Kampuni za malipo kama Selcom na Pesapal zipo kwa atakayefika huko. Kwa kuanzia, kitufe cha kupiga simu na kingine cha kufungua WhatsApp vinatosha.

Serikali imeshahamia

Atakayesema mambo haya ni ya wenye shahada aangalie Serikali inavyofanya kazi. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao. Zabuni za umma, kuanzia Julai 1, 2023, zinapitia mfumo wa NeST chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Madawati ya shule za Nyamagana yanaweza kutengenezwa na kikundi cha vijana wa Butimba, ila kwanza kikundi hicho kijisajili kwenye mfumo. Ofisa ununuzi anayetaka kujua hao vijana wamewahi kutengeneza nini ataanza na simu yake.

Kuna wajibu pia. Biashara inayokusanya majina na namba za wateja kupitia tovuti inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inatakiwa kujisajili kwa Tume yake. Namba za wateja si za kugawiwa kwa rafiki anayeuza virutubisho.

Mtego uko kwenye jina

Gharama ndiyo inayowatisha wengi, na ni kweli bei hazina mpangilio. Kuna anayetengeneza kwa laki mbili na kuna anayedai milioni mbili kwa kazi ileile. Tofauti haionekani kwa mteja asiyejua anachonunua.

Mambo yanayolipiwa ni matatu tu. La kwanza ni jina, yaani anwani yenyewe. Majina ya .tz yalikuwa chini ya tzNIC, iliyoanzishwa 2006, na sasa yanasimamiwa na TCRA. Unalipia kupitia wasajili walioidhinishwa, na kwa .co.tz ada ya mwaka ni makumi ya maelfu ya shilingi, si malaki. La pili ni kuhifadhiwa kwenye kompyuta iliyo hewani usiku na mchana, nalo hulipiwa kila mwaka. La tatu ni kazi ya fundi, ambayo kwa kawaida hulipwa mara moja.

Kosa linalowagharimu watu ni kumwachia fundi asajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza mambo huenda vizuri. Mwaka wa pili fundi amehamia Arusha, au amebadili namba, au mmekosana kwa sababu ya elfu hamsini, na jina la biashara yako liko mikononi mwake. Ada isipolipwa, jina linaachwa, na mtu yeyote anaweza kulichukua. Miaka yote uliyoandika anwani hiyo kwenye risiti, kwenye gari na kwenye fulana za wafanyakazi inapotea kwa siku moja.

Kwa upande wa gharama, Kenya walijaribu dawa mapema. Septemba 2011, Google, Safaricom, Benki ya Equity na KeNIC, inayosimamia majina ya .ke, walianzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti zenye anwani ya .co.ke, mwaka wa kwanza bure, kisha mwenye biashara aendelee kulipia mwenyewe. Wazo lilikuwa zuri na lingefaa hata Mwanza. Ila tovuti ya bure isiyo na mtu wa kuitunza hufa, na tovuti iliyokufa ni aibu kuliko kutokuwa nayo. Mteja akikuta bei za miaka mitano iliyopita na namba isiyopatikana, anaamini biashara imefungwa.

Kwa hiyo kazi ndogo ipo, na haikwepeki. Mtu mmoja katika biashara, aghalabu kijana wa nyumbani aliyemaliza kidato cha nne na simu haimtoki mkononi, apewe kazi hiyo kwa jina. Kila Jumamosi apandishe picha za kazi za wiki, abadilishe bei iliyopanda, afute iliyokwisha. Picha azipunguze ukubwa kwanza, maana ukurasa mzito unamla mteja bando na ataufunga kabla haujafunguka.

Jiji la Mwanza, shirika la viwanda vidogo SIDO na vyuo vilivyotuzunguka, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichoko Malimbe, vina nafasi ya kusaidia bila kungoja mfadhili. Wanafunzi wanaosoma teknolojia ya habari wanahitaji kazi za vitendo, na Butimba ina karakana zinazohitaji kurasa. Kuwakutanisha ni suala la barua na kikao kimoja.

Nawe mwenye biashara unayesoma ukurasa huu, ukiamua kutengenezewa tovuti, fungua kwanza barua pepe ya biashara, nywila yake ibaki kwako. Jina lisajiliwe kwa barua pepe hiyo na kwa jina lako, na risiti ya malipo ije kwako. Ukigundua fundi amelisajili kwa jina lake, mwambie alihamishe kabla hujammalizia fedha yake.